Gari Kubwa, Mafuta ya Nani?

Katika nchi ya Marekani, chombo cha moto ambacho kwa muda wa miongo minne kimenunuliwa na watu wengi kuliko vyote si gari dogo la abiria, bali ni lori jepesi la mizigo, lile ambalo huku kwetu twaliita pikapu. Malori ya kampuni ya Ford yanayojulikana kwa jina la F-Series yameongoza mauzo ya malori yote nchini humo tangu mwaka 1977. Na wengi wa wanaoyanunua si wakulima, si wajenzi, wala si wachukuzi. Ni watu wa maofisini ambao kila asubuhi huondoka nyumbani peke yao, bodi la nyuma likiwa tupu, na kila jioni hurejea peke yao, bodi likiwa tupu vile vile.

Jambo hili si la Marekani pekee. Shirika la Nishati la Kimataifa limeeleza kwamba katika mwaka 1 wa 2023 karibu nusu ya magari mapya yote yaliyouzwa duniani, yaani asilimia 48, yalikuwa ni yale marefu ya kimo, mazito, ambayo Watanzania wameyapa jina la mashangingi. Dunia inahubiri kubana matumizi ya mafuta, na dunia hiyo hiyo inanunua magari yanayoyanywa kama mchanga unywavyo maji.

Msomaji aweza kuuliza: haya yatuhusu nini sisi watu wa visiwani, ambao kisiwa chetu kikubwa, Unguja, hakizidi kilomita 90 kutoka ncha hadi ncha? Jawabu letu ni kwamba yatuhusu sana, na twamwomba msomaji atusubiri kidogo. Kwanza yatupasa kufahamu kwa nini mambo yamekuwa hivi huko yalikoanzia. Kwani mwenye kutaka kujua maradhi hutazama chanzo chake, hakomei kwenye dalili.

Jawabu linalotolewa haraka na watu wengi ni la tabia. Husemwa kwamba Wamarekani wanapenda vikubwa kwa sababu nchi yao ni kubwa, barabara zao ni pana, na mifuko yao imejaa. Hatukatai kwamba katika maneno haya mna chembe ya ukweli. Sheria ya barabara kuu iliyotiwa saini na Rais Dwight Eisenhower mwaka 1956 iliamuru kujengwa njia za urefu wa maili 41,000, na kwa ajili yake watu wengi walihamia vitongoji vya mbali ambako bila ya gari mtu hapati hata mkate. Lakini tabia peke yake haitoshi kuwa hoja. Wanorwei nao ni matajiri, na nchi yao ni ndefu yenye milima, theluji na majira ya baridi makali. Wao pia wanachimba mafuta kutoka chini ya bahari yao wenyewe. Mbona basi kwa miaka mingi mitaa yao ilijaa magari ya wastani? Ni dhahiri kwamba liko jambo jingine.

Jambo la kwanza ni bei. Serikali kuu ya Marekani iliweka mwaka 1993 kodi ya senti 18.4 kwa kila galoni ya petroli, na zaidi ya miaka thelathini baadaye kodi hiyo ilikuwa haijapandishwa hata senti moja. Galoni ya Kimarekani ni karibu lita 3.8, kwa hiyo kodi hiyo haifiki senti 5 za dola kwa lita. Ni kweli kwamba kila jimbo huongeza kodi yake, lakini hata zikijumlishwa hazikaribii zile za Ulaya. Ujerumani ilipanga mwaka 2003 kodi ya zaidi ya senti 65 za Euro kwa lita moja, na kwa muda mrefu katika nchi nyingi za Ulaya sehemu kubwa ya fedha anayolipa mtu kituoni haikuwa ya mafuta bali ya kodi. Mjerumani akitaka kununua gari zito hupiga hesabu kwanza ya lita atakazolipia. Mmarekani hana haja ya kuipiga hesabu hiyo kwa uchungu kama huo, na moyo usiohisi uchungu haukumbuki kubana.

Bei, hata hivyo, ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni sheria, na hapa ndipo penye mafundisho makubwa zaidi kwa wenye kutunga sheria popote walipo.

Mnamo Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zenye mafuta ziliifungia Marekani bidhaa hiyo kwa sababu ya vita vya Mashariki ya Kati. Katika muda wa miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka karibu dola 3 hadi karibu dola 12. Foleni za magari zilizunguka mitaa. Wazee wetu hawana haja ya kuhadithiwa, kwani msukosuko ule ulifika hata huku, na Watanzania walioishi enzi hizo wanakumbuka marufuku ya kuendesha magari siku za Jumapili alasiri. Marekani nayo ilijibu kwa sheria. Mwezi Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria iliyozitaka kampuni za magari zitengeneze vyombo vinavyokwenda mwendo mrefu zaidi kwa mafuta yale yale. Wastani wa magari ya abiria ulitakiwa kuwa maili 18 kwa galoni katika magari ya mwaka 1978, na kufika maili 27.5 katika yale ya mwaka 1985. Ilikuwa sheria njema, na kwa magari madogo ilifanya kazi yake.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na mlango wa uani. Malori mepesi hayakuwekwa katika kipimo kimoja na magari ya abiria. Watunga sheria walisema, na walikuwa na haki, kwamba mkulima na fundi wanahitaji chombo cha kubebea mbolea na mbao, wala haifai kuwabana kama anavyobanwa mtu wa mjini. Malori yakapewa kipimo chepesi. Tangu magari ya mwaka 1996 hadi ya mwaka 2004 kipimo hicho kilisimama kwenye maili 20.7 kwa galoni, wakati magari ya abiria yalidaiwa 27.5. Aidha, kodi ya adhabu kwa magari yanayokunywa mafuta kupita kiasi, iliyotungwa mwaka 1978, iliyagusa magari ya abiria tu. Malori yalisamehewa.

Sasa na tutazame akili ya mfanyabiashara. Akiona milango miwili, mmoja mwembamba wenye mlinzi na mwingine mpana usio na mlinzi, atapitia upi? Kampuni zilichukua chesisi ya lori, zikaiwekea juu viti vya starehe, mazulia na hewa baridi, zikaliuza kwa familia za mjini. Na mbele ya sheria chombo hicho kikaendelea kuitwa lori. Jeep Cherokee ya mwaka 1984 ilifungua njia. Ford Explorer, iliyoingia sokoni mwaka 1990 ikiwa imejengwa juu ya kiunzi cha pikapu ya kampuni hiyo hiyo, iliipanua. Faida ilikuwa kubwa, kwani kiunzi cha lori kilikuwa kimekwisha kubuniwa na kulipiwa zamani, na mnunuzi wa mjini alikuwa tayari kutoa fedha nyingi kwa ngozi ya viti na rangi ya kung'ara.

Mlango huo ulipanuka hadi ukawa kichekesho. Katika miaka hiyo, chombo ambacho uzito wake ukijumlishwa na mzigo ulizidi ratili 8,500 hakikuhesabiwa kabisa katika wastani wa mafuta. Kampuni ya General Motors ilipoleta Hummer H2 mwaka 2002, gari hilo lilikuwa zito kiasi cha kuvuka mpaka huo. Kwa maneno mengine, gari lilikunywa mafuta mengi mno hata sheria ya kubana mafuta ikawa hailioni. Mwizi wa kuku alikamatwa. Aliyeiba ng'ombe akapigiwa saluti.

Na tukitaja kuku, iko habari nyingine ambayo huenda msomaji akaidhania mzaha, nayo ni kweli tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi za Soko la Pamoja la Ulaya zilipandisha ushuru wa kuku walioletwa kutoka Marekani. Wafugaji wa Kimarekani walilalamika. Mwezi Desemba 1963 Rais Lyndon Johnson alilipiza kwa kuweka ushuru wa asilimia 25 juu ya vitu vinne kutoka nje: wanga wa viazi, dekstrini, brandi na malori mepesi. Ushuru wa vile vingine vitatu uliondolewa baadaye. Ule wa malori ulibaki kwa zaidi ya nusu karne, ukazikinga kampuni za nyumbani zisipate ushindani wa kweli. Walengwa wa mwanzo walikuwa Wajerumani wa Volkswagen. Lakini katika miaka ya baadaye kampuni ya Ford yenyewe ilinaswa katika ushuru huo huo. Ilikuwa ikiingiza magari madogo ya mizigo kutoka Uturuki yakiwa na viti vya abiria vya nyuma, kisha yakifika Marekani viti vinang'olewa. Mwaka 2024 Ford ilikubali kulipa dola milioni 365 ili kuyamaliza madai ya serikali kuhusu jambo hilo. Hivyo ndivyo ugomvi wa kuku ulivyosaidia kuamua ni gari gani Mmarekani atalikuta dukani.

Kodi ya mapato nayo ilitia mkono wake. Mwaka 2003 Bunge la Marekani liliwaruhusu wafanyabiashara kukata katika hesabu za kodi hadi dola 100,000 za vifaa vya kazi kwa mwaka ule ule wa kununua. Gari la kawaida lilikuwa na kikomo kidogo, lakini chombo cha uzito wa zaidi ya ratili 6,000 kilihesabiwa kuwa kifaa cha kazi. Daktari na wakili wakajikuta wanapata nafuu kubwa zaidi wakinunua gari zito kuliko wakinunua jepesi. Kelele zilipopigwa, mwaka 2004 nafuu hiyo kwa magari ya aina hiyo ilipunguzwa hadi dola 25,000. Lakini ada ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Lipo pia jambo la hofu, nalo si dogo. Mtu aliye ndani ya gari zito huwa na kinga zaidi likigongana na jepesi. Basi jirani akinunua kubwa, nawe waona hatari kubaki na dogo. Ukinunua kubwa, wa tatu naye huogopa. Ni mashindano ya silaha yanayofanyika barabarani, kila mmoja akijikinga na kinga ya mwenzake. Anayebaki bila ya ngao ni yule anayekwenda kwa miguu. Taasisi ya bima ya usalama wa barabara ya Marekani ilichapisha mwaka 2023 uchunguzi ulioonyesha kwamba magari yenye pua iliyoinuka zaidi ya inchi 40 kutoka ardhini yana uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, kuliko magari ya pua fupi iliyoinama. Mwaka 2009 watembea kwa miguu waliouawa barabarani nchini humo walikuwa karibu 4,100; mwaka 2022 walizidi 7,500. Ukubwa wa magari si sababu pekee ya ongezeko hilo, lakini hapana mtaalamu wa haki anayeweza kuuacha nje ya hesabu.

Na sheria zenyewe zimeendelea kuyumba. Mageuzi yaliyofuata sheria ya mwaka 2007 yalipanga kipimo cha mafuta kwa kutazama eneo lililomo baina ya magurudumu manne: gari likipanuka, dai lake hulegea. Mwaka 2018 kampuni ya Ford ilitangaza kwamba itaacha kuuza karibu magari yake yote madogo ya abiria huko Amerika ya Kaskazini, ikiiacha Mustang. Na Julai 2025 Bunge la Marekani lilishusha hadi sifuri faini ya kampuni isiyotimiza kipimo cha mafuta. Sheria ikabaki kitabuni kama simba asiye na meno.

Tukihamisha macho kutoka Marekani hadi Ghuba, ambako wengi wa visiwani tuna ndugu na jamaa, tutaona kisa cha namna nyingine chenye mwisho ule ule. Huko hapakuhitajiwa mlango wa uani, kwa sababu mlango wa mbele wenyewe uliachwa wazi. Hadi mwishoni mwa mwaka 2015 lita ya petroli ya kawaida Saudi Arabia iliuzwa kwa halala 45, ambazo ni kama senti 12 za dola. Ni kweli kwamba jangwani gari lenye nguvu ya magurudumu manne ni haja, wala si pambo. Mchanga haumjui mstaarabu. Lakini magari yale yalipokuwa yamepangana katika barabara za lami za Riyadh na Muscat, si mchanga uliokuwa ukiyaita, bali ni bei. Bei ya mafuta ya dunia ilipoanguka kuanzia katikati ya 2014, hazina za serikali hizo zilitikisika. Umoja wa Falme za Kiarabu uliiachia bei mwezi Agosti 2015. Saudi Arabia ikapandisha halala 45 kuwa 75 mwezi Desemba. Na Oman ikaondoa ruzuku mwezi Januari 2016. Hata mwenye kisima aligundua kwamba kisima kina hesabu.

Aliyechelewa kupiga hesabu alilipa zaidi. Nchini Venezuela, mwezi Februari 1989, serikali ilipandisha ghafla bei ya mafuta ambayo watu walikuwa wameizoea kama haki ya kuzaliwa, na nauli za mabasi zikaruka. Ghasia zilizuka mjini Caracas na mamia ya watu waliuawa. Tangu hapo watawala waliogopa kuigusa bei hiyo, hata Rais Nicolás Maduro alipoipandisha mwezi Februari 2016 ilikuwa imekaa karibu miongo miwili bila ya kusogezwa. Kitu kilichotolewa kwa urahisi huwa kigumu kukirudisha, na anayeumia kwanza siku ya kukirudisha si mwenye gari kubwa, bali ni mwenye kupanda basi.

Wapo waliochagua njia nyingine, na la kupendeza ni kwamba mfano bora umetoka visiwani. Japani, nchi ya visiwa isiyo na mafuta ya kutajika, iliweka tangu mwaka 1949 daraja la pekee la vigari vidogo viitwavyo kei. Kwa kipimo cha leo urefu wake hauzidi mita 3.4, upana hauzidi mita 1.48, na injini haizidi sentimita za ujazo 660. Mwenye kununua chombo hicho hulipa kodi ndogo zaidi. Wajapani hawakuhubiriwa wapende vidogo. Waliwekewa hesabu ambayo kidogo ndicho kinacholipa. Na matunda yake tunayaona kwa macho yetu: vile vilori vidogo ambavyo Watanzania huviita kirikuu, vinavyobeba saruji, mchele na magodoro hadi ndani ya vichochoro ambamo lori haliingii, ni uzao wa sera hiyo ya Kijapani. Fikra njema ya kisiwa kimoja imeshuka bandarini kwa watu wa kisiwa kingine.

Norwei nayo, ijapokuwa ni muuzaji wa mafuta, iliwatoza raia wake bei ya juu ya petroli na kodi ya magari iliyotazama uzito na moshi, kisha ikaweka fedha za mafuta yake katika mfuko wa vizazi vijavyo. Mwaka 2024 magari mapya ya umeme yalikuwa karibu asilimia 89 ya yote yaliyouzwa huko. Ufaransa kuanzia 2022 inatoza kodi ya uzito kwa magari mapya. Na mwezi Februari 2024 wakaazi wa Paris waliulizwa kwa kura kama wenye magari mazito wageni walipe mara tatu ya ada ya maegesho. Waliojitokeza walikuwa wachache, lakini zaidi ya nusu yao walikubali, na tangu Oktoba mwaka huo saa moja ya maegesho katikati ya mji ikawa Euro 18.

Mtu asije akadhani kwamba umeme peke yake utalimaliza tatizo hili. Hummer ile ile imerejea ikiwa ya umeme, na uzito wake unazidi tani 4. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba chombo chaweza kuacha kunywa petroli na bado kikala barabara, kikala maegesho, na kumtisha mtoto anayevuka njia.

Sasa tumrejee msomaji wetu wa visiwani, ambaye tulimwomba atusubiri. Tukiyaweka pamoja mambo yote tuliyoyaeleza, twaona uzi mmoja unaopita katikati. Magari makubwa hustawi pale ambapo anayeendesha haioni bei kamili ya anachokitumia. Marekani bei ilifichwa na kodi ndogo, na sheria yenye tundu, na nafuu za hesabu. Ghuba ilifichwa na ruzuku. Katika nchi zetu maskini bei ya mafuta haikufichwa kwa mwananchi wa kawaida. Yeye huiona kila siku katika nauli ya daladala na katika bei ya unga. Ushuru wa Tanzania nao humtaka mnunuzi alipe zaidi kadiri injini inavyokuwa kubwa. Yuko mtu mmoja tu ambaye bei hiyo haimfikii, naye ni yule ambaye gari hununuliwa na umma, mafuta hutiwa na umma, gurudumu hubadilishwa na umma, na yeye kazi yake ni kufunguliwa mlango.

Hatusemi haya kwa kumvunjia mtu heshima. Tunafahamu kwamba kiongozi ana dhima, ana usalama wake, na zipo njia za mashamba ambazo msimu wa masika humeza gari dogo pamoja na dereva wake. Gari la kumkimbiza mzazi hospitali, gari la mkaguzi wa shule za mbali, gari la zimamoto. Haya na yawe na nguvu, wala asitokee mtu wa kuyaonea choyo. Neno letu ni juu ya gari la kutoka nyumbani kwenda ofisini katika barabara ya lami, mwendo ambao kijana wa baiskeli huumaliza bila ya kutokwa na jasho. Hapo injini ya silinda nane haitumikii kazi, inatumikia cheo.

Wala hili si neno la wapinzani au la watu wa mabarazani tu. Mwezi Mei 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei duniani, Serikali ya Muungano ilitangaza ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kuwapunguzia wananchi mzigo wa mafuta. Mwezi uliofuata Waziri wa Fedha, katika hotuba yake ya bajeti, aliligusia waziwazi suala la gharama ya magari ya serikali. Serikali yenyewe, basi, imekwisha kuiona hesabu. Kinachobaki ni kuifuata.

Ni maoni yetu kwamba mambo matatu yaweza kufanywa bila ya kungoja mfadhili. La kwanza, kila gari la umma lipangwe kwa kazi yake, si kwa daraja la anayelipanda: njia ipimwe kwanza, kisha gari lichaguliwe. La pili, lita zinazotumiwa na kila idara zitangazwe kila mwaka, kwa kuwa kilichoandikwa mbele ya watu hubanika chenyewe. La tatu, atakayetunga sheria ya kodi ya magari akumbuke mlango wa uani wa Wamarekani. Msamaha uliotolewa kwa ajili ya mkulima usije ukawa kivuli cha mwenye starehe. Kwani sheria ikiwa na tundu, tundu ndilo litakaloongoza.

Mafuta yetu yote huja kwa meli. Kila lita inayoshuka bandarini imelipwa kwa karafuu, kwa mwani, kwa jasho la mhudumu wa hoteli na kwa kodi ya mama anayeuza samaki Darajani. Mama huyo hajui silinda nane ni nini, lakini ndiye anayezitia mafuta. Haki yake ni kwamba, kabla ya gari kuagizwa kwa jina lake, mwenye kuagiza ajiulize kama angelinunua gari hilo hilo iwapo angalilipia kwa mfuko wake mwenyewe. Jawabu likiwa ndiyo, na liletwe. Likiwa la, basi lisipandishwe melini.